Anga Lililopimwa kwa Kivuli

Vitabu vingi vya falaki huanza na mwanga: mwanga wa Jua, mwanga wa nyota, mwanga unaokusanywa na vioo vya darubini. Mimi si mtaalamu wa fani hiyo, ni msomaji tu na mtazamaji wa anga wa miaka mingi, lakini nimefikia kuamini kwamba mwanga umesifiwa kupita stahili yake, na kwamba sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kuhusu Jua, Dunia, Mwezi na sayari ilipatikana kwanza kwa kivuli. Umbo na ukubwa wa Dunia, umbali wa Mwezi, urefu wa milima yake, umbali wa Jua na hata kasi ya nuru yenyewe vilipimwa na watu waliokuwa wakitazama kwa makini pale ambapo nuru ilikuwa imezuiwa.

Kifaa cha kwanza cha upimaji huo ni fimbo. Fimbo iliyosimikwa wima kwenye uwanja tambarare hutoa kivuli kirefu asubuhi, kikafupika kadiri Jua linavyopanda, kisha kikarefuka tena kuelekea jioni. Wakati kivuli kinapokuwa kifupi kuliko saa nyingine yoyote ya siku hiyo, huwa kimelala sawasawa juu ya mstari wa kaskazini na kusini, na hiyo ndiyo adhuhuri ya kweli ya mahali hapo, saa ya ukutani iseme itakavyo. Niliwahi kuzifuatilia ncha za kivuli cha namna hiyo kwa chaki, wiki baada ya wiki, na kilichonivutia hakikuwa urefu wa kivuli bali ukaidi wake mbele ya saa: mwanzoni mwa Novemba adhuhuri ya kivuli hutangulia wastani wake wa mwaka kwa takriban dakika 16, na katikati ya Februari huchelewa kwa takriban dakika 14. Saa haina kosa, na kivuli pia hakina. Njia ya Dunia kulizunguka Jua si duara kamili, na kwa sababu hiyo Dunia huenda kwa kasi zaidi mwanzoni mwa Januari, inapokuwa umbali wa kilomita milioni 147, kuliko mwanzoni mwa Julai, inapokuwa umbali wa kilomita milioni 152. Tena mhimili wake umeinama kwa nyuzi 23.4, na mambo hayo mawili kwa pamoja huifanya adhuhuri iyumbe huku na huku mwaka mzima. Anayedhani kwamba joto la majira huletwa na Dunia kulikaribia Jua na aitazame tena hiyo tarehe ya Januari, kwa maana ndipo nusu ya kaskazini ya Dunia huwa katikati ya baridi. Fimbo ingemjibu vizuri zaidi: kivuli kirefu cha adhuhuri maana yake ni miale iliyolala, na miale iliyolala huutawanya moto wake juu ya eneo kubwa.

Fimbo mbili zilizo mbalimbali husema zaidi ya moja. Katika karne ya 3 KK, Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria, alikuwa na habari kwamba huko Syene, mji ambao leo ni Aswan, adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote za mwaka Jua husimama utosini kiasi cha kumulika maji yaliyo chini ya kisima. Siku hiyo hiyo Alexandria kulikuwa na kivuli, na pembe yake ilikuwa sehemu 1 kati ya 50 za duara zima, yaani nyuzi 7.2. Kwa kuwa Jua liko mbali mno hata miale yake huifikia miji yote miwili ikiwa sambamba, tofauti hiyo ya pembe haikuweza kutoka kwingine ila kwenye mviringo wa Dunia. Basi umbali wa kati ya miji hiyo, uliohesabiwa kuwa stadia 5,000, ukizidishwa mara 50, ndio mzingo wa Dunia. Urefu wa stadia moja bado unabishaniwa na wanahistoria, kwa hiyo sioni maana ya kutangaza kwamba mzee yule alikosea kwa asilimia kadhaa, kama wengine wanavyopenda kufanya. Njia yake ilikuwa sahihi, na jibu lake haliko mbali na kilomita 40,000 tunazozijua leo.

Dunia nayo ina kivuli chake, kikubwa kuliko kivuli kingine chochote tunachoweza kukiona kwa macho, ingawa wengi hukiona bila kujua ni nini. Jioni yenye anga safi, dakika chache baada ya Jua kuzama, mtu akiligeuzia kisogo machweo na kutazama mashariki ataona utepe wa rangi ya kibuluu chenye kijivu ukipanda polepole kutoka upeo wa macho, na juu yake utepe mwingine wenye wekundu hafifu. Ule wa chini ni kivuli cha Dunia kilichoangukia angahewa yetu wenyewe. Hupanda, hupanuka, kisha huchanganyika na giza, na hapo tunasema usiku umeingia. Usiku wenyewe si kitu kingine ila kukaa ndani ya kivuli hicho. Huko nje ya angahewa kinaendelea, kikichongoka kadiri kinavyokwenda, hadi ncha yake inapoishia umbali wa takriban kilomita milioni 1.4.

Mara kwa mara Mwezi hukatiza ndani yake. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, Mwezi ulipopatwa mbele ya macho ya watu wa Afrika, Asia na Australia, nilijilazimisha kuacha kuutazama Mwezi wenyewe na kuutazama ukingo wa kivuli. Si ukingo mkali. Umefifia kama doa la wino lililolowa maji, kwa sababu Jua lina upana, si nukta, na angahewa ya Dunia nayo haikati nuru kwa mara moja. Lakini upinde wake unaonekana wazi, na ni upinde wa duara kubwa kuliko Mwezi. Aristotle alilitumia jambo hilo kuthibitisha kwamba Dunia ni tufe: sahani nayo inaweza kutoa kivuli cha duara ikielekezwa vizuri, ila tufe peke yake ndilo linalotoa kivuli cha duara kila mara, Mwezi upatwe ukiwa unachomoza, ukiwa utosini au ukiwa unatua. Ukingo ule ulichukua takriban saa nzima kuumeza Mwezi wote, kisha ukaja wekundu uliodumu dakika 82. Wekundu huo ni nuru ya Jua iliyopenya katika angahewa pande zote za Dunia na kupindwa hadi ndani ya kivuli, baada ya rangi yake ya buluu kutawanywa njiani. Mtu aliyesimama Mwezini wakati huo angeiona Dunia nyeusi iliyozungukwa na pete ya macheo na machweo yote ya ulimwengu kwa wakati mmoja.

Kutokana na upinde ule, Aristarchus wa Samos, mwanafalaki Mgiriki wa kale, alipata hesabu ambayo hadi leo naiona kuwa ya werevu wa hali ya juu. Mwezi na Jua huonekana kwetu kuwa na upana unaokaribia kulingana, takriban nusu digrii. Kwa sababu hiyo kivuli cha Dunia, kikifika ulipo Mwezi, huwa kimepungua kwa kiasi kinachokaribia upana wa Mwezi mmoja. Ukipima upana wa kivuli hicho kwa kulinganisha upinde wake na Mwezi unaopita ndani yake, kisha ukaongeza Mwezi mmoja, umepata upana wa Dunia. Yeye alikadiria kivuli kuwa sawa na Miezi miwili, kwa hiyo Dunia ikawa sawa na Miezi mitatu hivi. Vipimo vya leo vinatupa kivuli cha Miezi 2.6 na Dunia yenye upana wa Miezi 3.7, yaani kilomita 12,742 dhidi ya 3,474. Na kitu kinachoonekana kuwa na upana wa nusu digrii kiko umbali wa mara 110 hivi ya upana wake, basi umbali wa Mwezi nao hupatikana bila mtu kunyanyua mguu kutoka ardhini.

Hapa sina budi kusimama kidogo, maana kuna dhana moja inayoishi kwa ukaidi hata miongoni mwa watu waliosoma sana, kwamba sehemu ya Mwezi tusiyoiona wakati wa hilali au nusu mwezi imefunikwa na kivuli cha Dunia. Sivyo. Nusu ya Mwezi huangazwa na Jua wakati wote, isipokuwa katika saa chache za kupatwa, na nusu nyingine iko gizani kwa sababu imelipa Jua kisogo. Kinachobadilika katika zile siku 29.5 ni pembe yetu ya kuutazama. Wakati wa hilali Mwezi uko upande ule ule wa Jua, na kivuli cha Dunia kiko upande wa pili kabisa wa anga. Nazilaumu picha za vitabuni zinazoweka Jua, Dunia na Mwezi vikikaribiana kana kwamba vinasemezana, kwani katika picha hizo haiwezekani kuelewa kwa nini Mwezi haupatwi kila unapokuwa mpevu. Ukweli ni kwamba njia ya Mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi ikilinganishwa na njia ya Dunia, na kwa umbali ule nyuzi 5 zinatosha kuupitisha Mwezi juu au chini ya kivuli kwa makumi ya maelfu ya kilomita. Ni mara mbili tu hivi kwa mwaka, katika vipindi vinavyotenganishwa na karibu miezi sita, ndipo Jua, Dunia na Mwezi huweza kujipanga vilivyo.

Giza la Mwezi, basi, ni la Mwezi wenyewe, na mpaka wake na mwanga ndio mahali pazuri kuliko pote pa kutazamwa kwa darubini ndogo. Watu hukimbilia mwezi mpevu, nao ndio usiku mbaya kuliko zote kwa kazi hiyo, kwa sababu Jua linamulika moja kwa moja na kila kitu kinaonekana bapa. Siku moja hivi baada ya nusu mwezi wa kwanza, elekeza darubini katikati ya mpaka huo, utaona kasoko tatu, yaani mashimo makubwa ya duara yenye kuta, zilizopangwa wima: Ptolemaeus yenye upana wa kilomita zaidi ya 150, Alphonsus chini yake, kisha Arzachel. Ile kubwa inaonekana kama uwanja uliosawazishwa. Hizo nyingine mbili zina kilele katikati, na kilele hicho kinatupa ncha nyeusi ya kivuli juu ya sakafu. Ukirudi saa mbili tatu baadaye, ncha ile imefupika, na ukuta wa mashariki uliokuwa umezama katika weusi umeanza kufichua miteremko yake. Macheo ya Mwezini huenda taratibu kiasi hicho kwa kuwa siku moja ya huko, tangu Jua lichomoze hadi lichomoze tena, ni siku 29.5 za kwetu. Mwaka 1609 Galileo aliona nukta za mwanga zikielea upande wa giza, mbali na mpaka, akaelewa kwamba ni vilele vya milima vilivyopata Jua kabla ya mabonde. Kutokana na umbali wa nukta hizo na mpaka akakokotoa urefu wa milima hiyo. Vivuli hivyo vina hila moja: huifanya milima ya Mwezi ionekane mikali kama meno, hali miteremko yake mingi ni ya wastani.

Karibu na ncha za Mwezi mambo hubadilika, kwa sababu mhimili wake umeinama kwa nyuzi 1.5 tu. Ndani ya baadhi ya kasoko za huko, Shackleton ikiwa mojawapo, Jua halijafika kwa muda mrefu usiokadirika kwa akili ya kawaida, na katika zile zenye baridi kali zaidi joto hushuka hadi chini ya nyuzi 200 za selsiasi chini ya sifuri. Maji yaliyonaswa humo hubaki barafu. Oktoba 2009 chombo cha Marekani kiitwacho LCROSS kilirushwa makusudi kugonga kasoko ya Cabeus, na katika vumbi lililoruka maji yalionekana. Hiyo ndiyo sababu mataifa yanagombea ncha ya kusini, na sababu mojawapo ya India kukiteremsha chombo cha Chandrayaan-3 katika ukanda wa kusini Agosti 2023. Ajabu ni kwamba Zebaki, sayari iliyo karibu na Jua kuliko zote, nayo ina barafu katika kasoko za ncha zake, kwa sababu hiyo hiyo.

Umbali wa Jua uliwashinda watu kwa muda mrefu zaidi. Aristarchus alijaribu kwa kupima pembe kati ya Jua na Mwezi wakati Mwezi umekatika nusu kamili. Alipata nyuzi 87, na kwa hesabu yake Jua likawa mbali mara 20 hivi kuliko Mwezi. Pembe yenyewe ni nyuzi 89.85 na Jua liko mbali karibu mara 390. Kutenganisha pembe hiyo na nyuzi 90 kamili kwa jicho tupu hakuwezekani, kwa hiyo simlaumu. Hata baada ya mwanafalaki Mjerumani Kepler kuonyesha katika karne ya 17 uwiano wa umbali wa sayari zote, hakuna aliyejua kwa yakini kilomita ni ngapi, mpaka mwanafalaki Mwingereza Edmond Halley alipopendekeza mwaka 1716 kitumike kivuli kidogo kuliko vyote: Zuhura ikipita mbele ya Jua. Watazamaji wawili waliotengana sana kaskazini na kusini huona kitone hicho cheusi kikikata Jua katika mistari miwili tofauti, mmoja mrefu kuliko mwingine, na tofauti ya muda hutoa umbali. Zuhura hupita hivyo mara mbili zinazotenganishwa na miaka minane, kisha haipiti tena kwa zaidi ya karne. Halley alikuwa na umri wa miaka 60 hivi, na alijua kabisa kwamba hatakuwepo mwaka 1761.

Wengine walikuwepo, nao walitawanyika duniani kote, huku Uingereza na Ufaransa zikipigana. Ninayemkumbuka zaidi ni Mfaransa Guillaume Le Gentil, aliyesafiri kwenda Pondicherry nchini India akakuta mji umetekwa na Waingereza, hata siku ya tukio ikamkuta baharini, juu ya sitaha inayoyumba ambako hakuna kipimo chochote chenye maana kingeweza kuchukuliwa. Akaamua kuisubiri Zuhura ya 1769, akajenga kituo chake Pondicherry, na asubuhi iliyosubiriwa kwa miaka minane mawingu yakalifunika Jua hadi tukio lilipokwisha. Aliporejea Ufaransa mwaka 1771 alikuta amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wafu na warithi wamo mbioni kugawana mali yake. Hata waliobahatika kuona walisumbuliwa na ukingo wa Zuhura, ambao haukuachana na ukingo wa Jua kwa usafi bali ulivutika mithili ya tone jeusi, wasijue sekunde ipi waiandike. Pamoja na hayo yote, vipimo vya mwaka 1769 vilipojumlishwa vilitoa takriban kilomita milioni 153, na leo tunajua ni milioni 149.6. Zuhura ilipita tena mwaka 2004 na 2012. Itakayofuata ni ya Desemba 2117.

Kivuli cha Mshtarii kilikuwa kimeshatoa jawabu lake mapema zaidi. Io, mojawapo ya miezi ya sayari hiyo, huingia katika kivuli hicho kila baada ya saa 42.5 hivi, na mwaka 1676 mwanafalaki Mdenmaki Ole Rømer, akifanya kazi Paris, alionyesha kwamba kupatwa huko huonekana kuchelewa kadiri Dunia inavyojitenga na Mshtarii, kwa kuwa nuru inahitaji muda kusafiri. Alikadiria dakika 22 kuvuka upana wa njia ya Dunia; ni dakika 16 na sekunde 40 hivi. Kabla yake wengi waliamini kwamba nuru hufika papo hapo.

Kupatwa kwa Jua kumeandikwa sana, nami sitarudia sifa zake. Mtu asiye na miwani maalumu, ambayo ni ya lazima muda wote Jua lisipokuwa limefunikwa lote, na atazame chini ya mti wenye majani mengi: kila upenyo kati ya majani unachora ardhini hilali ndogo ya Jua, mamia kwa pamoja. Dakika chache za giza zimefanya kazi kubwa. Mwaka 1868 katika nuru ya kingo za Jua ilionekana dalili ya elementi isiyojulikana, heli, ambayo haikupatikana Duniani hadi 1895. Na tarehe 29 Mei 1919, mwanafalaki Mwingereza Arthur Eddington akiwa kisiwani Principe, magharibi mwa Afrika, na wenzake wakiwa Sobral nchini Brazili, nyota zilizo kando ya Jua zilipigwa picha kuthibitisha kwamba uzito wa Jua huipinda nuru, kama Einstein alivyotabiri.

Lakini kumbukumbu ninayoithamini kuliko hizo ni ya vibao vya udongo vya Babeli, ambako iliandikwa kwamba Jua lilipatwa lote mwaka 136 KK. Tukirudisha nyuma hesabu kwa kudhani kwamba Dunia imekuwa ikijizungusha kwa kasi ya leo, kivuli cha siku hiyo kinaangukia maelfu ya kilomita magharibi ya Babeli. Tofauti ni zaidi ya saa tatu. Dunia imepunguza mwendo, siku ikirefuka kwa takriban milisekunde 1.8 kwa karne, hasa kwa sababu ya msuguano wa maji kujaa na kupwa, na nguvu inayopotea huusogeza Mwezi mbali nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka, kipimo kinachochukuliwa kwa miale ya leza inayorudishwa na vioo vilivyoachwa huko na wanaanga wa Apollo. Baada ya miaka takriban milioni 600 Mwezi utakuwa mdogo mno machoni kuweza kulifunika Jua lote. Kwa sasa bado unaweza: tarehe 2 Agosti 2027 kivuli chake kitapita kusini mwa Hispania, Afrika ya Kaskazini na Bara Arabu hadi Pembe ya Afrika, na karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika sita.

Kazi hii haikuishia kwa watu wa kale. Agosti 2009 Jua lilipokuwa sawasawa na bapa la pete za Zohali, chombo cha Cassini kilipiga picha za vivuli virefu juu ya pete ambazo unene wake ni takriban mita 10, na kutokana navyo ikajulikana kwamba ukingoni mwa mojawapo kuna marundo yanayoinuka hadi kilomita 2.5. Pete za Uranusi hazikugunduliwa kwa kuonekana: tarehe 10 Machi 1977 nyota moja, kabla na baada ya kufunikwa na sayari hiyo, ilififia mara tano kila upande. Njia hiyo hiyo ilitumiwa kwa Arrokoth, jiwe lenye urefu wa kilomita 35 hivi lililo umbali wa kilomita bilioni 6.5 kutoka kwenye Jua. Timu za watazamaji zilitawanywa Ajentina Julai 2017, kisha Agosti 2018 nchini Senegali pamoja na wanaastronomia wa huko na nchini Kolombia, kila timu na darubini yake, zikivizia kivuli cha jiwe hilo kilichotupwa na nyota ya mbali kikipita juu ya ardhi. Kwa kupanga sekunde ambazo nyota ilizimika kwa kila timu nchini Ajentina, wakachora umbo la jiwe lenye sehemu mbili zilizogusana, na tarehe 1 Januari 2019 chombo cha New Horizons kilipopita kando yake kikakuta ndivyo lilivyo.